Lori lililala ubavu, tanki likabaki zima, petroli ikamwagika: uchambuzi wa kisa kimoja cha ukanda wa kati

Kisa hiki nilikishughulikia mwenyewe kama mhandisi aliyeitwa na mwenye magari baada ya ajali. Majina, namba za usajili, tarehe na jina la kijiji nimeviondoa. Vipimo nimevibakiza kwa sababu bila hivyo kisa hakifundishi chochote.

Usuli

Lori lilikuwa kichwa na tela la ekseli tatu. Juu ya tela kulikuwa na tanki la aluminiamu la lita 36,000, lenye bati la unene wa milimita 5 na vyumba vitano. Chumba cha kwanza na cha tano vilikuwa vya lita 9,000 kila kimoja, na vitatu vya katikati vya lita 6,000. Tela lilinunuliwa likiwa limetumika nje ya nchi, na kibao cha mtengenezaji bado kilikuwa mahali pake. Nilipokisoma niliona tanki lilitoka kiwandani likiwa na kila kitu linachotakiwa kuwa nacho.

Miaka miwili kabla ya ajali, mipira ya mifuniko ya chumba cha kwanza na cha pili ilikatika, na vipuri vya aina ile havikupatikana. Fundi wa gereji akaleta mifuniko ya aina nyingine, mipana zaidi na mirefu zaidi. Ili ikae, akakata shingo za zamani na kuchomelea mpya. Mpya hazikuingia katikati ya reli mbili zinazopita juu ya tanki, kwa hiyo akakata reli zote mbili kwa mbele, akazisogeza nje kidogo, akazichomelea upya. Kazi ilikuwa safi kwa macho. Tanki lilipimwa ujazo upya kama inavyotakiwa, lita zikakubali, gari likarudi barabarani.

Madereva wengi wanaziita reli hizo "za kushikia", na mtu anayepanda juu kupima mafuta kwa kijiti huzishika kweli. Lakini hazikuwekwa kwa ajili ya mkono wa mtu. Ziko pale ili gari likipinduka, ardhi igonge reli kabla ya kugonga mifuniko na vali.

Siku ya ajali

Lori lilipakia Dar es Salaam: petroli vyumba vitatu vya mbele, dizeli viwili vya nyuma. Kituo cha kwanza kilikuwa Dodoma mjini. Kilipokea chumba cha tatu chote, na kilitakiwa kumaliza na cha tano pia. Tanki la chini la dizeli pale kituoni lilikuwa na mafuta mengi kuliko meneja alivyotarajia, hivyo likachukua lita 5,000 tu. Chumba cha tano kikabaki na lita 4,000, yaani chini kidogo ya nusu. Dereva alipiga simu kuuliza, akaambiwa aendelee na safari, mteja wa mbele angechukua kilichobaki.

Saa tisa alasiri, magharibi mwa Dodoma, barabara inashuka kisha inapinda kulia. Kibao kinasema 50. Kifaa cha kufuatilia gari kilirekodi kilomita 68 kwa saa. Tela likaegemea kushoto, likarudi, likaegemea tena na safari hii halikurudi. Likakivuta kichwa, vyote vikaanguka nje ya lami upande wa kushoto, vikateleza kama mita 20 kwenye mawe ya kingo za kalavati. Tela lilisimama likiwa limepita kulala ubavu, nyuzi kama 110 kutoka wima, juu ya tanki pakitazama mtaroni.

Dereva alitoka na mikwaruzo. Utingo alivunjika mkono. Kabla ya kutoka, dereva alizima swichi kuu ya betri, na nilipomuuliza alisema hakumbuki kuifikiria, mkono ulikwenda wenyewe.

Maamuzi ya saa ya kwanza

Aliyefanya uamuzi mkubwa kuliko wote hakuwa mtaalamu. Mwenyekiti wa kijiji alifika na bodaboda ndani ya dakika kumi, akasikia harufu, akaona vijana wawili tayari wana madumu. Aliniambia baadaye: "Injinia, mimi niliona Morogoro kwenye televisheni. Nikawaambia, atakayeteremka huko na dumu, akirudi mzima tutaonana kwa mtendaji." Tarehe 10 Agosti 2019, eneo la Msamvu mjini Morogoro, lori la petroli lilipinduka, watu wakaenda kuchota, moto ukalipuka na zaidi ya watu 100 wakafa. Kumbukumbu hiyo ilifanya kazi ambayo mabango ya rangi ya chungwa yenye 33 juu na 1203 chini, namba za kueleza hatari na aina ya mzigo, hayawezi kuifanya peke yake. Hayo ni ya zimamoto, mwanakijiji hayamwambii kitu.

Jambo la pili alilofanya mwenyekiti ni kumtuma mtu kwa mama lishe aliyekuwa mita 80 hivi upande unakoelekea upepo, amwage mchanga kwenye majiko yote matatu. Mvuke wa petroli ni mzito mara tatu au nne kuliko hewa. Haupandi juu na kupotea, unatambaa kwenye mitaro kama maji. Zimamoto walipigiwa 114, walifika baada ya zaidi ya saa moja, wakaweka povu na kujenga kingo ya udongo ili petroli isifike kwenye korongo.

Usiku kulizuka mabishano kuhusu winchi. Mwenye winchi alitaka kuinua tela kama lilivyo, akidai amewahi kufanya hivyo mara nyingi. Mwenye gari alikuwa upande wake, kwa sababu barabara ilikuwa imefungwa na simu zilikuwa haziishi. Tulikataa, mkuu wa kikosi cha zimamoto na mimi. Sababu ya kwanza ni kwamba hatukujua bati limepasuka wapi, na mkanda wa winchi ungeweza kuufungua mpasuko zaidi. Ya pili iliwashangaza wote wawili: chumba cha tatu, kile "kitupu". Kilikuwa na petroli asubuhi ile. Chumba kilichotoka kumwaga petroli kimejaa mvuke, na mvuke uliochanganyika na hewa ni hatari kuliko petroli yenyewe ikiwa imejaa pomoni. Tukasubiri asubuhi, likaja lori jingine la kupokea, tukaunganisha waya wa ardhi, tukatoboa upande wa juu wa kila chumba chenye mafuta kwa drili ya upepo, tukanyonya. Winchi ilianza kazi saa nne asubuhi.

Hesabu ya kilichomwagika

Katika lita 15,000 za petroli zilizokuwa ndani, tulivuna 4,000 na ushei. Dizeli karibu yote ilibaki. Tofauti hiyo ndiyo iliyonifanya niombe tela lisikatwekatwe na kuuzwa kama chuma chakavu kabla sijapanda juu yake na rula.

Tanki likilala ubavu kabisa, nyuzi 90, mifuniko iliyokuwa juu katikati sasa iko usawa wa nusu ya kimo. Mfuniko mmoja ukifunguka, chumba kilichojaa kitamwaga nusu tu na kuacha. Likipita hapo na kufika nyuzi 110, mfuniko unashuka chini ya nusu na chumba kinamwaga karibu asilimia 70. Kwa hiyo swali la nani anabaki salama linaamuliwa na kipande kidogo cha chuma juu ya tanki, hata kama bati lote ni zima. Bati la tanki hili lilikuwa zima kwa zaidi ya mita kumi za urefu wake. Vali za chini, zinazokaa ndani ya tanki kabisa, zilibaki zimefungwa ingawa bomba la nje la chumba cha pili lilikatika. Lilikatikia kwenye mfereji wake wa kuvunjikia, kama lilivyopangwa, na halikutoa tone.

Nilichokuta juu ya tanki

Chumba cha kwanza: mfuniko mpya ulikuwa umesimama milimita 30 juu ya ncha ya reli. Uligonga jiwe wenyewe, komeo likafunguka. Petroli nyingi ilitokea hapo.

Chumba cha pili: mfuniko ulikuwa sawa na reli, ukapona. Lakini mguu wa reli uling'oka ukaondoka na kipande cha bati, ukaacha mpasuko wa shubiri moja, na kwa sababu mguu uko pembeni ya mfuniko, mpasuko ulikuwa chini zaidi. Chumba hiki kilikaribia kuisha.

Chumba cha nne na cha tano, ambavyo fundi hakuvigusa, reli ilikunjwa na kulala kama mkeka, lakini miguu yake ilibaki kwenye bati na mifuniko haikuguswa. Cha tano kilikuwa na lita 4,000, kiasi cha kutosha kuufunika mfuniko kwa ndani katika mlalo ule, na mfuniko ulishika usiku kucha. Cha nne kilidondosha dizeli kidogo kupitia vali ya kupumulia: kidude cha ndani kinachotakiwa kuziba tanki linapopinduka kilikuwa kimegandishwa na vumbi. Vumbi letu la Dodoma.

Tanki moja, anguko moja, mawe yale yale. Nyuma, kila mguu wa reli ulikaa juu ya bamba la kitako, kipande cha aluminiamu kilichochomelewa kwanza kwenye tanki, kisha reli ikachomelewa juu yake. Mbele, fundi alipokata reli aliondoa vile vitako kwa kuwa havikulingana na nafasi mpya, akachomelea mguu moja kwa moja kwenye bati, tena kwa kurukaruka: sentimita tatu za kulehemu, sentimita tano tupu.

Nilimtafuta fundi. Ni mtu mwaminifu na mkono wake ni mzuri, hilo nalisema bila kuulizwa. Akanijibu, "Mzee wangu, reli niliirudisha na nguvu kuliko ya mwanzo. Niliongeza unene." Ni kweli aliongeza. Hapo ndipo tatizo lilipoanzia, kwa sababu reli ngumu juu ya mzizi dhaifu haikunjiki, inang'oa.

Kanuni zinadai nini

Malori ya tanki tunayoyaona huku kwa sehemu kubwa yameundwa kwa kufuata moja ya taratibu mbili. Ile ya Ulaya, ADR, yaani mkataba wa kusafirisha mizigo ya hatari kwa barabara, inasema kwa kifupi kwamba vifaa vyote vilivyo juu ya tanki vilindwe visiharibike gari likipinduka, na inataja njia: pete za kuimarisha, vifuniko vya kinga, au vyuma vya kukingama au vya urefu vyenye umbo linalokinga kweli. Pia inataka mfumo wa kupumua wa tanki uwe na kifaa cha kuzuia mafuta yasitoke gari likipinduka.

Ile ya Marekani, iliyo katika kifungu 178.345-8 cha kanuni zao za shirikisho, inataja namba, na ndiyo maana mimi huitumia kufanyia hesabu hata kwa tanki la Ulaya. Kinga ya kupinduka lazima ihimili mzigo sawa na uzito wa gari lililojaa mara mbili, kwanza ukibonyeza moja kwa moja kuelekea kwenye tanki, kisha ukisukuma kwa ubavu kutoka upande wowote. Kinga zikiwa nyingi zinagawana, lakini kila moja ibebe angalau robo ya ule mzigo wa ubavu. Chuma kinaruhusiwa kukunjika, kisikatike tu. Na kinga ikizunguka sehemu kiasi cha kutuamisha mafuta au maji, iwe na bomba la kuyatoa.

Lori letu likijaa lilikuwa na tani 43 hivi. Mara mbili ni tani 86, robo yake ni zaidi ya tani 21, ikisukuma kwa ubavu. Watu wote nilioongea nao walifikiria mzigo wa kwanza tu, ule wa kubonyeza. Wanauona mfano wa meza: miguu imara, uzito juu. Lori linapoanguka likiwa na mwendo halikai juu ya reli kama mtungi juu ya kata. Linaburuta reli kwenye mawe, na anayepigana ni mzizi.

Kanuni hiyo hiyo ya Marekani inasema kitu kinachochomelewa kwenye tanki, ukiacha vidude vyepesi, kikae juu ya kitako kinachotokeza angalau inchi 2, yaani milimita 50 hivi, kila upande wa mahali kinaposhika. Anayedhani hilo ni urembo wa wahandisi aje aone chumba cha pili.

Kwa nini lilipinduka

Hii ndiyo sehemu ambayo ripoti nyingi huimaliza kwa neno moja, mwendokasi. Kilomita 68 mahali pa 50 ni kosa, sitetei. Lakini kona ile nimeipima, ina nusu kipenyo cha mita 110 hivi. Kwa mwendo ule msukumo wa ubavu ni kama mita 3.2 kwa sekunde kwa sekunde, na hapo sijahesabu mwinuko wa lami ambao hupunguza. Kanuni namba 111 ya Umoja wa Mataifa inataka lori la tanki lisipinduke hata likifikishwa mita 4, au likiinamishwa nyuzi 23 kwenye meza ya majaribio. Tela zima lililojazwa vizuri lingepita ile kona likilalamika.

Dereva mwenyewe alieleza sababu kuliko kifaa: "Sikuhisi linaanguka mara ya kwanza. Lilirudi. Halafu mzigo ukanisukuma mara ya pili." Hiyo ni dizeli ya chumba cha tano, lita 4,000 ndani ya chumba cha 9,000, ikitembea. ADR ina sheria inayolenga mzigo unaotembea: chumba kikubwa kuliko lita 7,500 kisichogawanywa kwa kuta za kuvunja mawimbi kijazwe angalau asilimia 80, au kisizidi asilimia 20. Katikati hapo ni marufuku. Chumba chetu kilikuwa asilimia 44. Tena kilikuwa nyuma kabisa ya tela, na springi ya kushoto ya ekseli ya pili ilikuwa imevunjika jani moja, kwa kuvunjika kwa zamani kulikokwisha kupata kutu.

Aliyesema "endelea na safari" ofisini hakujua sheria hiyo. Dereva hakuijua pia, ila aliniambia magari yenye "nusu mzigo" huwa "yanacheza" na hayapendi. Ujuzi ulikuwepo kwenye usukani, haukuwa na njia ya kufika mezani.

Ukarabati na mabishano yake

Mwenye gari alinipa pendekezo: achomelee vyuma vya pembe juu ya reli zilizobaki hadi zipite mifuniko. Bei ndogo, siku mbili. Nilikataa kuliwekea sahihi. Reli ikiinuliwa, mkono wa wenzo unaongezeka, mzizi uleule unavutwa kwa nguvu zaidi. Ingepita kwa rula na ingeshindwa kwa mawe.

Njia ya kutafuta mifuniko mifupi ya aina ya zamani niliipenda zaidi, haikuwezekana kwa wakati. Tukaishia na njia ya tatu: kukata sehemu yote ya mbele, kuweka vitako vipya, kulehemu mfululizo, reli ndefu yenye nafasi kwa shingo mpya, mabomba mawili ya kutoa maji, na chuma cha kukingama mbele ya mfuniko wa kwanza. Tanki lilisafishwa na kupimwa mvuke kwanza, likajazwa maji kwa kipimo cha shinikizo baada ya kazi. Vali za kupumulia zote tano zilifunguliwa. Mbili zilikuwa zimeganda.

Kisha nikamwomba anionyeshe tela zake nyingine nne. Kipimo cha kwanza hakihitaji mhandisi. Unalaza rula ndefu ya chuma kutoka reli hadi reli juu ya kila mfuniko. Rula ikipanda juu ya mfuniko, au mwanga usipopita chini yake, tela hilo halina kinga. Halafu unachuchumaa kutazama miguu: kuna kitako au hakuna, lehemu ni ya mfululizo au ya kuruka. Mbili kati ya nne zilishindwa, zote kwa matengenezo ya gereji ileile, kwa sababu ileile ya mipira ya mifuniko.

Moja aliisimamisha. Nyingine aliiacha ibebe dizeli tu hadi nafasi ya gereji ipatikane, akisema dizeli haishiki moto kama petroli. Kwa joto la kawaida yuko sahihi, dizeli inahitaji zaidi ya nyuzi 55 ndipo itoe mvuke wa kushika moto, wakati petroli hutoa hata kwenye baridi kali kuliko yoyote tutakayoiona Tanzania. Nilimwandikia kwamba sikubaliani, kwa kuwa lami ya mchana na bomba la moshi la gari lililoanguka havisomi kipimajoto cha ofisini. Barua ipo kwenye faili. Tela lilifanya kazi hivyo kwa wiki sita, kisha likaingia gereji.

Ofisini sasa kuna karatasi moja ukutani, nyuma ya mpanga safari, yenye vyumba vitano vilivyochorwa na asilimia zake. Meneja wa kituo akikataa kumaliza chumba kikubwa, dereva ana ruhusa ya kusimama hapohapo hadi mafuta yapate pa kwenda. Mara ya mwisho nilipopita, lori lilikuwa limeegeshwa uani kwa mteja siku ya pili, na mwenye magari alikuwa kwenye simu, analalamika, lakini hakuliondoa.